Bakuli Aliloonja Bibi

Sifa ni zake Mungu, aliyeumba mdomo na akaumba cha kutia mdomoni, anayejua kila mwili unakubali nini na unakataa nini kabla sisi wenye miili hatujajua. Pumzi niliyoamka nayo leo ni yake. Naanza kwa kumshukuru kwa hiyo pumzi, maana ninayotaka kusimulia ni habari ya pumzi.

Majuzi hapa Mpanda tulikuwa na sherehe ya ubatizo, na nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wanatwanga karanga za kuungia kisamvu. Najua kwa watu wengi wa rika langu harufu ile ni harufu ya nyumbani. Mimi hunipata baridi shingoni. Nilijikuta nimesimama, natafuta kwa macho watoto wote waliokuwepo, hata nisiowajua majina. Chakula kilipopakuliwa, mtoto mdogo wa mpangaji wa jirani akala matonge mawili, akaanza kujikuna shingo. Midomo ikamvimba. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Tukaita bodaboda, na katika kungoja kule nikasikia nyuma yangu mwanamke akiuliza kwa sauti ya chini:

"Kwani nani amepika?"

Swali hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana mdogo, na nilishaona linakoishia.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na tulikaa kwenye kwota za reli hapa mjini, nyumba zenye sakafu ya saruji na bomba la maji uani. Lakini mimi sikulelewa pale tangu mwanzo. Nilipoacha ziwa nilipelekwa kwa bibi, mama yake baba, kijiji kimoja upande wa Usevya, nikakaa huko mpaka umri wa kuanza shule. Bibi alinilea kama walivyolelewa wote wa huko. Nililala chumba kimoja na mbuzi. Nilikula udongo wa ukutani mvua ikinyesha, kwa sababu ulinukia vizuri. Kabla sijaota magego, bibi alikuwa anatafuna karanga mwenyewe, anazilainisha, ananitia mdomoni kwa kidole. Sikumbuki siku ambayo sikuzijua karanga, kama nisivyokumbuka siku ambayo sikumjua bibi.

Mdogo wangu Neema alilelewa vingine. Kati yangu na yeye mama alizika watoto wawili, mmoja kwa kuhara, mwingine kwa homa ya matumbo. Kwa hiyo Neema alipozaliwa, mama aliapa kwamba huyu hataguswa na uchafu. Maji yake yalichemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena. Sakafu ilipigwa deki kwa dawa mpaka macho yalituwasha. Neema hakuwekwa chini. Alikaa mgongoni au kitandani. Uji wake ulikuwa wa unga mweupe wa dukani, maziwa yake ya unga wa kopo, na alipoota meno alipewa mkate. Karanga hakupewa. "Zitampalia," mama alisema. Majirani walimsifu: mtoto safi, mtoto wa kisasa.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Neema, ngozi. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ilikuwa inapasuka, nyekundu, naye anajikuna mpaka damu. Kila jioni mama alimkalisha mapajani akampaka mafuta kwa mikono yake, taratibu, akiimba. Naikumbuka mikono ile vizuri. Bibi alikuwa hututumia gunia la karanga kwa lori kila baada ya mavuno, na mama alipenda kuzimenya akiwa amekaa mlangoni, kwa ajili ya mboga ya baba. Anamenya, anapangusa mikono kwenye kanga, anamchukua Neema, anampaka mafuta. Vumbi jekundu la maganda ya karanga lilikuwa limetanda nyumba nzima. Hakuna aliyeliona kuwa ni kitu.

Neema alipoanza kusema sentensi ndefu, baba alipata likizo, akasema sasa mtoto apelekwe akaonwe na ukoo. Mama hakutaka. Waliozikwa wawili walikuwa bado wamesimama kati yake na bibi. Hakuwahi kusema wazi, lakini nyumbani kwetu jina la bibi likitajwa, mama alikuwa anapata kazi ya kufanya chumba kingine. Hata hivyo tulikwenda, juu ya lori la magunia, tukakatiza porini kwenye mbung'o, mama amemfunika Neema kanga mbili ili asiumwe.

Bibi alitupokea kwa vigelegele. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa moshi wa jiko, mcheshi kuliko watu wote niliowahi kuwajua.

"Karibuni! Mke mwenzangu umerudi?" aliniambia mimi. "Umeniletea sabuni, au umeleta mdomo mtupu?" Kisha akamwona Neema anamkimbia kuku. "He! Huyu mzungu wenu anaogopa kitoweo? Kuku ndiye anatakiwa akukimbie wewe, mama!"

Watu walicheka. Hata mama alitabasamu kidogo.

Bibi alipika ugali na kisamvu cha karanga, kizito, kile kinachong'ang'ania kidoleni. Watu wengi walikuwa uani, majirani waliokuja kuona wageni. Na hapa niseme desturi yetu, kwa wasioijua: mwenye nyumba hampi mgeni chakula kabla ya kukionja mwenyewe mbele ya macho ya watu. Huko kuonja ni kiapo. Maana yake ni kwamba ningekuwa nimetia kitu, ningekufa mimi kwanza. Basi bibi alimega tonge, akalichovya katikati ya bakuli, si pembeni, akatafuna, akameza, akafungua viganja vyote viwili.

"Kuleni, wanangu. Hakuna kitu."

Bakuli moja tukala mimi, Neema na bibi; mbele ya kiapo kile mama hakuweza kumzuia mtoto. Neema alipenda. Alichovya mara ya pili. Kisha akasema, "Dada, ulimi unaniwasha," na mimi nikacheka, nikidhani ni pilipili. Alipoinua uso sikumjua. Macho yalikuwa yamefungwa kwa uvimbe, midomo imekuwa minene kama ya mtu mzima aliyepigwa, na mwili mzima umetoka vipele kama umechapwa na upupu. Akaanza kuvuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayekata mbao mbali sana. Mama alipiga ukelele ambao nilikuwa nimeusikia mara mbili kabla ya hapo, kwenye misiba ya wale wawili.

Mungu ni mwema. Neema alitapika. Alitapika chakula chote, na mchana ulipogeuka alasiri sauti ile kifuani ikawa inapungua, pumzi ikarudi kidogo kidogo. Lakini katika muda ule ambao hatukujua kama atabaki, jirani mmoja, mwanamke tuliyemwita Mama Sado, alisema swali lile.

"Nani amepika?"

"Si mmemwona ameonja?" alisema baba. "Mimi mwenyewe nimeona."

"Ameonja, ndiyo," Mama Sado akajibu. "Ameonja na hakupata kitu. Na huyu mkubwa amekula na hakupata kitu. Mtu anayekula sumu na isimdhuru, baba, wewe unamwitaje?"

Niliona watu wanasogea nyuma kutoka lilipokuwa jiko, hatua moja moja, kama maji yanavyokauka kuzunguka jiwe. Bibi alibaki peke yake katikati na bakuli mkononi. Kile alichokifanya kujisafisha ndicho kilichomfunga. Asingeonja, wangesema hakuthubutu. Ameonja, wanasema ana kinga.

Tuliondoka kesho yake kwa lori lile lile. Baba hakumtazama mama yake usoni wakati wa kuaga. Bibi alinishika kichwa akasema, "Mke mwenzangu, umwangalie mzungu wetu," na hakutania zaidi.

Nilirudi mjini na fundisho langu mwenyewe, maana mtoto asipoelezwa hujieleza. Nililifikiri jambo hili siku nyingi nikaona nimelielewa: sumu inatembea. Anayeonja kwanza haiondoi, anaisukuma mbele. Bibi alipoonja aliisukuma kwangu, mimi nilipochovya nikaisukuma kwa Neema, na Neema hakuwa na mtu wa kumsukumia. Sikumchukia bibi kwa hilo. Nilidhani hakujua. Basi nikaweka sheria. Kila tulipokaa kula nilihakikisha Neema anameza kwanza, kisha mimi haraka sana baada yake, ili kama ipo, inifikie mimi. Mama alifikiri nimekuwa na adabu ya kumpisha mdogo. Usiku niliomba malaika wangu mlinzi anisaidie kuwa wa mwisho.

Habari za kijijini zilikuja na utingo wa lori. Alimwambia baba pale kituoni, nami nipo nimeshika mkono wake: "Mzee, mama yako wanamsema. Watoto hawapiti tena nyuma ya nyumba yake. Kuna watu wamemwambia ahame." Miaka ile kwetu kikongwe mwenye macho mekundu alikuwa hahitaji kufanya kosa. Kila mtu alijua hadithi ya mama fulani, kijiji fulani, aliyekutwa asubuhi. Zilisimuliwa kwa sauti ya kawaida, katikati ya habari za mvua.

Baba alisema nyumbani, "Nataka nikamchukue."

Mama alikuwa anampaka Neema mafuta. Hakuinua macho. "Mlete," alisema. "Siku anayoingia yeye mlango huu, mimi na wanangu tunatokea ule mwingine."

Baba hakwenda. Simhukumu. Alikuwa anavuta sigara nje kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa ninatambua kwa cheche kuwa bado yupo.

Ikaja unga wa lishe. Ulikuwa kitu kipya dukani, kwenye mfuko wenye picha ya mtoto mwenye mashavu, na akina mama wote wa kwota walikuwa wanausifia: una mahindi, ulezi, soya, una kila kitu, mtoto ananenepa. Mama akaununua, maana Neema alikuwa amekonda tangu safari ile. Siku hiyo asubuhi aliukoroga mwenyewe, kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe, kwenye sufuria aliyoisugua mwenyewe. Hapakuwa na mgeni. Hapakuwa na mtu wa ukoo ndani ya safari ya siku nzima. Akapoza kijiko, akakipeleka mdomoni mwake.

"Mama usionje!" nilipiga kelele. "Itamwendea Neema!"

"Una nini wewe? Hebu kaa," alisema, akaonja, akampa Neema.

Vijiko vitatu. Neema akashika ulimi. Akasema neno lile lile: "Unaniwasha."

Nakumbuka kijiko kikianguka kwenye saruji. Nakumbuka mama anambeba Neema anakimbia bila viatu kuelekea hospitali, na mimi nyuma yake na kanga yake iliyodondoka. Walimchoma sindano, na pumzi ikarudi, Bwana asifiwe milele. Muuguzi aliuliza amekula nini. Mama alitaja unga ule, na muuguzi akauliza tena, una nini ndani? Mama alikuwa hajui. Aliporudi nyumbani aliugeuza mfuko, akasoma maandishi madogo ya nyuma kwa kidole, kama wanavyosoma watoto ninaowafundisha dini. Kidole kikasimama. Karanga.

Alikaa chini sakafuni, yeye asiyekaa sakafuni. Akainua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma.

"Nimepika mimi," alisema. "Baba Vero, nimepika mimi. Nimeonja mimi."

Baba, ambaye siku zote alimwita kwa jina langu, alikuwa amesimama mlangoni na kofia ya kazi mkononi.

"Tumfuate mama," mama akasema. "Kabla hawajamfanya kitu."

Lori la kwanza tulilolipata lilikuwa la tumbaku kutoka upande wa Katumba, likatufikisha njia panda tu, mengine tulitembea. Mama alimbeba Neema njia nzima na hakukubali kupokewa. Nyumba ya bibi tuliijua kwa mti wa uani, kwa sababu nyumba yenyewe haikuwepo. Kuta zilikuwa nyeusi. Nyasi za paa zilikuwa majivu yaliyoloana, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa. Kinu cha kutwangia kilikuwa kimepasuka katikati kwa moto. Wanaume wawili walipita na majembe, wakatusalimu vizuri kabisa, wakauliza za mjini.

Bibi alikuwa hai. Katekista alikuwa amemkuta amekaa porini na blanketi, akamleta nyumbani kwake nyuma ya kanisa. Lakini hata pale, mke wa katekista alimpa chakula kwa kukiweka chini na kuondoka, na vyombo vyake havikuoshwa pamoja na vya wengine. Bibi alijitengea mafiga yake matatu pembeni ya ua, anachemsha viazi vitamu vyake mwenyewe, anakula mwenyewe. Tulimkuta hapo. Alipotuona alisimama, akarudi nyuma, akaficha mikono kwenye kanga. Huyo ndiye bibi yangu, akificha mikono.

"Shikamoo mama," mama alisema, akapiga magoti na Neema mgongoni.

"Marahaba, mkwe. Simameni mbali kidogo, wasije wakasema."

Watu walikuwa wameanza kuja. Habari ilikuwa imetutangulia. Mama Sado alikuwepo, na wale wanaume wenye majembe, na katekista na mkewe. Mama hakuhutubia. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtoto amevimba tena, mjini, kwa uji alioupika yeye mama mtu, akauonja yeye, na ndani mlikuwa na karanga. "Kama ni mchawi," alisema, "ni mimi. Nichomeeni mimi."

Mtu mmoja alikohoa. Mama akamshusha Neema, akamkalisha mbele ya sufuria ya bibi. Viazi vilikuwa vinatoa mvuke. Bibi, kwa mazoea ya maisha yake yote, alinyoosha mkono kuchukua kimoja aonje kwanza.

Mama alimshika kifundo cha mkono.

"Usionje, mama."

Akachukua kiazi, akakimenya, akakipuliza, akamtia Neema mdomoni. Mbele ya watu wote. Kisha akala yeye. Na mimi, nilipoona hivyo, nilidhani mama hatimaye ameijua sheria yangu: mdogo kwanza. Nikaona kazi yangu imefika. Nikanyakua kipande kilichobaki, nikakila chote ili niwe wa mwisho, nikakaa chini, nikafumba macho, nikasema sala ya kutubu, nikangoja sumu.

Nilisikia Neema anatafuna. Nilisikia anavuta pumzi, anatoa, anavuta. Kisha nikasikia anasema, "Bibi, nipe kingine."

Nilifumbua macho. Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yanatikisika. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba msamaha, siku ile wala baadaye. Mama Sado alipita karibu na mama akasema, "Poleni na safari," kama vile tumetoka msibani.

Tulirudi Mpanda na bibi. Aliishi nasi mpaka Mungu alipomwita, kitandani, kwa uzee, kifo ambacho alikuwa karibu kunyimwa. Karanga hazikuingia tena nyumbani kwetu. Lakini bibi hakurudi kuwa yule. Alimenya vitunguu, alichagua mchele, alimtania Neema. Jikoni hakupika tena chakula cha kuliwa na mtu mwingine. Mama alimwomba mara nyingi. Alikuwa anajibu, "Acha, mwanangu. Nimechoka kuapa."

Neema sasa ni mama wa watoto, na karanga hajala mpaka leo. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alimpa jina la ugonjwa, mzio, akamweleza wanavyodhani mambo yanavyokwenda. Chakula kinachomfikia mtoto mapema kwa mdomo, mwili hukipokea kama mgeni aliyepita mlangoni. Kile kile kikitangulia kupenya kwenye ngozi iliyopasuka, vumbi kwa vumbi, mwili hukiona ni mwizi wa dirishani, na siku kikija mlangoni hukipiga. Na wanadhani pia kwamba mtoto aliyekua na mbuzi na udongo mwili wake hujifunza kutofautisha, kuliko aliyefungiwa kwenye usafi. Hakuapa kwamba kwa Neema ndivyo ilivyokuwa. Neema aliponisimulia, niliona mikono ya mama, vumbi jekundu, mafuta, wimbo. Namshukuru Mungu mama alikuwa ameshalala kaburini asiisikie habari hiyo.

Siku hizi katika watoto ninaowafundisha dini nawaona wengi zaidi: huyu yai, huyu samaki, huyu maziwa. Wanakula vya mfuko na kopo, wanacheza ndani juu ya vigae. Sisemi turudi kulala na mbuzi. Wale wadogo zangu wawili waliuawa na maji machafu, sijasahau. Ila naona kitu kinakua kati yetu, na swali lile la zamani halijafa. Limelala tu.

Kwa hiyo siku ile ya ubatizo, bodaboda ilipokwisha kuondoka na yule mtoto, ambaye alipona, nami nikiwa nimeshamwambia mama yake karanga zisimguse tena, niligeuka. Aliyekuwa amepika ni mjane mmoja mgeni kwetu, mwenye macho mekundu kwa moshi. Alikuwa amesimama peke yake na upawa. Watu walikuwa wanasogea nyuma, hatua moja moja. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye sufuria, aonje, waone.

Nilimfikia na sahani yangu.

"Nipakulie, dada," nilimwambia. "Na usionje."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki mezani pako. Akujalie chakula ambacho mwili wako haukikatai, na watoto wenye pumzi ndefu. Likija la kutisha, akupe moyo wa kutazama bakuli kabla ya kumtazama mpishi. Na mikono inayokulisha, Bwana aihifadhi. Amina.